Mpiga Selo Hatunzwi

Kibaha wengi wetu tunaijua kwa dirisha la basi. Ukitoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi ukavuka Kiluvya, vituo vinakimbizana: Maili Moja, Tumbi, Kongowe, Visiga, na ghafla uko Mlandizi. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini msafiri wa Mbeya au Mwanza haujui mji huu ila kwa msururu wa malori ya Zambia na Kongo na vijana wanaokimbilia madirishani na korosho, maji na mayai ya kuchemsha. Nami nimeupita hivyohivyo miaka nenda miaka rudi. Safari hii nilishuka Maili Moja, nikachukua bodaboda hadi mitaa ya Picha ya Ndege, kwa sababu jamaa mmoja wa muziki aliniambia huko anaishi mzee aliyepiga selo katika taarab ya Dar es Salaam tangu ujana wake, na selo yenyewe bado anayo.

Kwa asiyeijua, selo ni ala ya nyuzi nne ya ukoo wa fidla, ila kubwa. Mwili wake peke yake una urefu wa kama sentimita 75, na ukiisimamisha na shingo yake inamfika mtu mzima kifuani. Haiwekwi begani. Mpigaji hukaa, akaibana kwa magoti, ncha ya chuma ikagusa sakafu, kisha akavuta upinde wenye nywele za mkia wa farasi juu ya nyuzi. Sauti yake huanzia kwenye besi ya mwanamume na kupanda hadi ikaweza kujibizana na mwanamke. Ala hii ilitengenezwa Italia katika karne ya 16, na mji wa Cremona ukapata sifa kwa mafundi wake, Andrea Amati akiwa miongoni mwa wa mwanzo.

Mpiga selo Pablo Casals, Mkatalunya aliyezaliwa mwaka 1876, alikuwa na umri wa miaka 13 alipokuta katika duka moja la Barcelona kitabu cha noti za tungo sita za Bach za selo peke yake, tungo ambazo wakati ule wengi waliziona mazoezi tu ya wanafunzi. Akazisomea zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzipiga hadharani, na kati ya 1936 na 1939 akazirekodi zote. Siku hizi anayetajwa zaidi ni Sheku Kanneh-Mason, kijana Mwingereza ambaye mama yake ametoka Sierra Leone. Mwaka 2016 alishinda tuzo ya BBC ya wanamuziki vijana, na mwaka 2018 akapiga kwenye harusi ya Mwanamfalme Harry na Meghan huku dunia ikitazama. Huo ndio wasifu wa mpiga selo tuliouzoea: mwalimu, chuo, mashindano, ukumbi, santuri. Mzee wa Picha ya Ndege katika hayo alipata mwalimu tu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, lakini jina langu usiliandike. Sijafa bado nikaandikwe gazetini.”

Kiwanja chake alikinunua enzi ambazo, kwa maneno yake, ukimwambia mtu wa Kariakoo unahamia Kibaha anakupa pole. Leo amezungukwa na nyumba za bati la rangi na kuta za matofali, ila mikorosho yake miwili hajaikata. Kwa asili ni Mzaramo wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Alikwenda mjini kijana, mchana akibeba mizigo bandarini, usiku akiwapelekea chai wanamuziki wa klabu moja ya taarab wakiwa mazoezini. Miaka ile ya sitini Dar es Salaam ilikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan, na vikundi vingine vidogo vilivyotamani kuwa kama hizo mbili. Klabu yake ilikuwa imejipatia selo, na kila kijana alikuwa akiikwepa. Wote walitaka fidla, udi, au kipaza sauti.

“Unajua kwa nini?” aliniuliza. “Mpiga selo hatunzwi.”

Aliyewahi kukaa kwenye taarab hahitaji maelezo. Ubeti ukimgusa mtu, huinuka, akacheza polepole hadi jukwaani, noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Mara mojamoja mpiga udi au kanuni akionyesha vionjo vyake naye hupata chochote. Aliyeketi nyuma na selo, anayeushika wimbo wote kutoka chini usiyumbe, hakuna anayemwinukia. Mzee alikubali kiti hicho kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, na mwalimu mmoja kutoka Unguja akamwelekeza kwa sikio, bila noti hata moja ya karatasini. Mwalimu alimwimbia mstari, naye akaurudisha kwa upinde, akikosea anaimbiwa tena.

Jinsi selo ilivyofika katika pwani hii ni safari iliyopitia Misri. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Mwaka 1905 ikaundwa klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa. Huko Cairo kwenyewe muziki nao ukawa unabadilika: kikundi kidogo cha zamani chenye udi, kanuni, nai, fidla na riki kilianza kupanuka, na Mohamed Abdel Wahab alikuwa mstari wa mbele kuingiza selo na dabal besi kutoka Ulaya. Filamu za Kimisri na redio zikaileta sauti hiyo nene hadi kwetu. Watu wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam walipomsikia Umm Kulthum mbele ya safu ya fidla, walitaka safu kama ile. Culture Musical Club, iliyoanza mwaka 1958, ikaja kujulikana dunia nzima kwa fidla, akodiani, kanuni na besi zilizopangwa kwa mtindo huo. Kwa hiyo selo ya Bach ilitufikia ikiwa imeshasilimu, imejifunza makamu za Kiarabu na inajua kupiga bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab.

Mzee aliitoa chumbani. Alikuwa ameifunika blanketi na kanga mbili juu, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Joto la bati na unyevu wa masika, alisema, ni maadui wakubwa wa ala hii kuliko panya. Ubao wa mbele wa selo ni mti mwepesi wa nchi za baridi, unene wake milimita chache tu. Hewa ikijaa maji hutanuka, ikikauka husinyaa, na gundi ya ngozi iliyounganisha kingo huachia. Upande mmoja niliona mshono uliozibwa mara nyingi, kila mara kwa gundi ya rangi tofauti. Nywele za upinde zilikuwa zimepungua kama nusu. Kigingi kimoja, kile cha kukazia uzi mwembamba kuliko zote, kilikuwa kimepasuka, hivyo uzi huo ulikuwa umezungushwa na kufungwa kando.

Akaketi kwenye stuli, akatafuta sauti ya kwanza kooni mwake, akaulinganisha uzi nayo, kisha akaanza mwanzo wa bashrafu kwa nyuzi tatu. Nilitazama mkono wa kushoto. Ncha za vidole zina sugu ngumu kama za fundi viatu, na kidole kidogo, ambacho mimi nilidhani ni cha kupumzika, ndicho kilichonyooka mbali kuliko vyote. Mstari ulipodai uzi ule wa nne, hakusimama. Aliruka na mkono hadi juu kabisa ya uzi wa tatu, akaichukua sauti hiyo huko, akashuka. Kwa mbali ungesema hakuna kilichopungua.

“Enzi za shida tulipiga hata kwa nyuzi mbili,” alisema. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nchi ilipokosa fedha za kigeni, sabuni ilipangiwa foleni, sembuse uzi wa selo. Waliwahi kufunga mshipi wa kuvulia, waliwahi kufunga waya. Nilimwambia kwamba Kinshasa nao, katika Orkestra ya Kimbanguiste iliyoanzishwa na Armand Diangienda mwaka 1994, wameripotiwa kufunga waya wa breki ya baiskeli kwenye fidla. Akacheka. “Basi ni ndugu zetu hao.”

Klabu yake haikuuawa na nyuzi, wala na serikali. Ilikwisha kidogokidogo kwa kinanda cha umeme. Miaka ya tisini ilipoingia na mipasho, vikundi vya TOT (Tanzania One Theatre), iliyoundwa mwaka 1992, na Muungano vikishindana kumbi kwa kumbi, na mwimbaji Khadija Kopa akitikisa, watu walitaka kucheza, hawakutaka tena kuketi. Kinanda kimoja kilileta fidla, besi na ngoma kwa pamoja, kikapanda teksi moja na kulipwa mshahara wa mtu mmoja. Mwenye kikundi akipiga hesabu, watu wanane wa nyuzi hawana utetezi. Mzee hawalaumu. Anakumbuka tu kwamba hakuna aliyewaambia kwaheri: mazoezi ya Alhamisi yalianza kuhudhuriwa na watu sita, wakawa wanne, akabaki yeye na mwenye funguo za chumba.

Kigingi kilihitaji fundi, na fundi anayemwamini ni jamaa yake wa Maneromango. Tukaondoka na mzee asubuhi, kigingi kilichopasuka na kizima kimoja cha kupimia vikiwa vimefungwa kwenye leso. Mlandizi tuliacha lami ya malori, tukaingia barabara inayokwenda kusini hadi Maneromango, ndani ya hiace iliyokuwa na magunia kuliko abiria. Ni nchi ya mchanga mwekundu na mweupe, mihogo, mikorosho na michungwa, na kwa kitambo ni jirani ya Msitu wa Ruvu Kusini, ambao hali yake unaisoma barabarani: pikipiki baada ya pikipiki, kila moja na magunia ya mkaa yaliyofungwa hadi dereva haonekani kwa nyuma.

Njiani mzee alinionyesha mabonde madogo yaliyoota nyasi, akasema babu yake aliyaita mashimo ya sandarusi. Inawezekana kabisa. Katika karne ya 19 Uzaramo ilijulikana ng’ambo kwa utomvu huu uliokaa ardhini mpaka ukawa kama jiwe. Wachimbaji waliutoa kwa majembe baada ya mvua, Wahindi wakaununua mrima, Unguja ikausafirisha pamoja na pembe na karafuu. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyepita huku mwaka 1857, aliandika kwa urefu kuhusu uchimbaji wake. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, ambao nchi yao ilitiliana mkataba na Sultani Said mwaka 1833, walikuwa wateja wakubwa: walikuwa na kiwanda cha kuusafisha, na mwisho wake ukawa vanishi ya mabehewa ya farasi, fanicha na kila mbao iliyohitaji kung’aa. Mafundi wa fidla na selo wa karne ile nao walipika vanishi za mafuta kwa aina mbalimbali za sandarusi. Nilimweleza mzee hayo, naye akaitazama leso mkononi mwake. “Kwa hiyo mzungu aliipaka selo kwa jasho la babu yangu, halafu akatuuzia.”

Maneromango ni kituo cha zamani cha Walutheri, misheni ya Wajerumani ya miaka ya 1890, na miembe yake mikubwa inaonyesha umri. Fundi tulimkuta chini ya mmoja wao akirekebisha kitanda cha teremka tukaze. Akakipokea kigingi kizima, akakizungusha kati ya vidole, akauliza swali moja tu: kinabana kwa kupigiliwa au kwa kusokotwa? Kwa kusokotwa, mzee alimjibu. Kigingi cha selo hakina skrubu wala gundi. Kimechongwa chembamba upande mmoja, kikisukumwa ndani kinashika, kikivutwa nje kinalegea, na kazi yote inafanywa na msuguano wa mti kwa mti.

Fundi aliingia ndani akatoka na mchi wa kinu uliovunjika, wa mpingo. Alitumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji atuonyeshe, kikazama moja kwa moja hadi chini. Mpingo mbichi haukatwi bila kibali, na mti wenyewe huchukua miaka 70 hadi zaidi ya 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo mchi mkuukuu ni mali. Huu ndio mti wa taifa, na ndio unaochongewa klarineti na obo za orkestra kubwa za Ulaya, kiasi kwamba wapigaji wengi huko wanapuliza Pwani, Lindi na Mtwara bila kujua. Ubao wa vidole wa selo kwa kawaida ni wa mti mweusi mwingine, wa misitu kama ya Kameruni, lakini kwa vigingi mpingo unafaa vizuri.

Alichonga kwa kisu, akaja kwenye tupa, akaja kwenye msasa, na mwisho akakwangua kwa kigae cha chupa, vumbi jeusi likimjaa mikononi. Kila baada ya muda alikilinganisha na kile kizima kwa kuviweka sambamba kwenye mwanga. Tundu alilitoboa kwa msumari uliopashwa moto. Mzee alikipaka chaki upande mmoja na sabuni ya mche upande mwingine, chaki ishike, sabuni iteleze. Ndivyo alivyofundishwa, na wapiga selo wengi hufanya hivyohivyo. Malipo fundi alitaka ya soda tu, kisha akakaa kusikiliza habari za mjini hadi kitanda cha watu kikasahaulika.

Tulirudi kwa upande wa Kisarawe mjini. Mji huu umekaa juu ya vilima vya Pugu, na hewa yake ina baridi kidogo ukilinganisha na Gongo la Mboto pale chini. Kandokando kuna Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani ambamo msandarusi bado unaota, na kuna mapango yaliyochimbwa kutafuta kaolini, sasa makazi ya popo. Ukiondoka Dar es Salaam asubuhi unaweza kutembea msituni na kurudi siku hiyohiyo. Pugu Sekondari, alikofundisha Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, iko njiani, na sekondari ya Minaki haiko mbali.

Sisi tulisimama kwa sababu ya harusi. Ukumbi ulikuwa wazi milango yote, kikundi cha taarab ya kisasa kikiwa kazini, mashangingi wa kijora sare wakishuka na kupanda. Katikati ya wimbo mpiga kinanda aligusa kitufe, na safu nzima ya nyuzi ikajaa ukumbini: fidla juu, na chini yake, wazi kabisa, selo. Mzee alisimama mlangoni akasikiliza mpaka ule mstari ukaisha.

“Sauti nimeisikia,” alisema. “Watu sijawaona.”

Nimelifikiria neno lake kuliko mengine yote ya safari ile. Tunapozungumzia selo, fidla au piano huwa tunalalamika kwamba ni ala za kigeni, ghali, hazituhusu. Vilima vya Kisarawe vinasema vingine. Mti tunao, utomvu tulikuwa nao, mafundi wa kuchonga tunao, na tulikuwa na wapigaji waliojifunza kwa sikio na kumudu kazi kwa nyuzi tatu. Kilichopotea ni kiti: chumba chenye watu ishirini wanaokutana siku ileile kila wiki, mmoja akikosea wote wanarudia. Ala ya aina hii haiishi kwa mtu mmoja. Joséphine Nsimba Mpongo, ambaye picha yake akipiga selo Kinshasa ilizunguka dunia, mchana alikuwa akiuza mayai sokoni na jioni akienda mazoezini. Alikuwa na mahali pa kwenda jioni. Hiyo ndiyo tofauti yake na mzee wangu. Korogocho, Nairobi, watoto wa Ghetto Classics wana mahali hapo tangu 2008. Unguja wana Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002, ambako taarab na nyuzi hufundishwa pamoja.

Kibaha haikosi kumbi za mazoezi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza kwa mradi wa nchi za Nordiki mwaka 1963, Denmark, Finland, Norway na Sweden wakajenga shule, kituo cha wakulima na cha afya, na mwaka 1970 wakaikabidhi serikali. Mji uliojengwa kwa ajili ya kufundisha hauwezi kushindwa kutafuta chumba kimoja chenye viti visivyo na mikono, maana mpiga selo hawezi kukalia kiti chenye mikono.

Siku chache baadaye mzee alinipigia simu: kigingi kimeingia, kimeshika, uzi wa nne unaimba. Ana watoto wa jirani watatu wanaokuja Jumamosi kujifunza kwa zamu, kwa ala hiyo moja, na mmoja, binti wa darasa la sita, tayari ana sikio. Nilimuuliza anahitaji nini. Nilitegemea atasema pesa au nyuzi. Alisema anahitaji harusi.

Nadhani ana hoja. Kamati za harusi za Pwani zinajua kuchangisha: ukumbi, MC, keki, picha mnato na picha jongefu, kinanda. Kikundi chenye fidla nne, udi, kanuni na selo, hata kwa saa ya kwanza tu wageni wakiwa wanakaa na kula, ni mstari mmoja zaidi kwenye bajeti, na mara nyingi ni mdogo kuliko wa mapambo. Ukiandikwa mara moja kwa mwezi, chumba cha mazoezi kitajipatia sababu. Mzee yuko tayari. Sharti lake ni nauli ya selo, kwa sababu makonda wa Maili Moja humtoza viti viwili.